Taka za Sikukuu Huzaliwa Sokoni

Kila sikukuu ipitapo, iwe Idi au Krismasi, Mwaka Mpya au Pasaka, huacha nyuma yake mambo mawili ambayo watu hawapendi kuyatazama kwa pamoja: deni la dukani na lundo la taka. Deni lina mwenyewe, na mwenyewe analijua. Lakini lundo halina mwenyewe, kwa kuwa kila nyumba imelichangia kimyakimya, mfuko huu na mfuko ule, hata ukuta wa mwisho wa mtaa ukafichika nyuma ya maganda ya nanasi, mifupa ya kuku, chupa za maji, vikombe vya plastiki na wali uliochacha kabla jua la siku ya pili halijasimama utosini.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa halmashauri na gari lake la taka lisilofika kwa wakati, na hapana shaka kwamba gari likichelewa siku tatu baada ya Idi mtaa mzima hupata habari kwa pua. Walakini gari hubeba kile tu lilichopewa, na likishakibeba hukipeleka Pugu Kinyamwezi kama ni Dar es Salaam, Mwakirunge kama ni Mombasa, Kibele kama ni Unguja, au Dandora kama ni Nairobi, ambako dampo lililofunguliwa mwaka 1975 lilitangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, na hata baada ya tangazo hilo magari yaliendelea kumimina. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kuwa taka za sikukuu hazizaliwi jaani, wala hata jikoni. Huzaliwa sokoni, siku ile mwenye nyumba anapokadiria kwa hofu badala ya kukadiria kwa kipimo, na hapo ndipo mahali rahisi pa kuzizuia.

Hofu hiyo inaeleweka. Katika jamii zetu, za pwani na za bara, mgeni kukuta sinia tupu ni aibu isiyosahaulika, ilhali mgeni kuacha nusu ya sinia ni jambo ambalo hakuna anayelitaja. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, akiwekwa baina ya lawama ya hakika na hasara ya kimya, huchagua hasara, na kununua mchele wa watu arobaini kwa ajili ya wageni ishirini. Simlaumu, maana hukumu ya jirani ni nzito kuliko hukumu ya kadhi. Lakini dini zenyewe ambazo sikukuu hizi ni zake hazimwungi mkono: Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu, na Injili ya Yohana inasimulia kuwa baada ya umati wa watu elfu tano kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Mahubiri mengi juu ya kisa hicho hukawia penye muujiza wa kushibisha na kuvipita vile vikapu mbiombio, kana kwamba viliandikwa kwa bahati.

Ukubwa wa hasara hii umepimwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitoa mwaka 2024 hesabu ya chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022: tani bilioni 1.05, karibu moja ya tano ya chakula chote kilichokuwa tayari kwa walaji, na katika hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani. Waliozoea kudhani kuwa kutupa chakula ni maradhi ya nchi tajiri peke yake watastaajabu kusikia kwamba baina ya nyumba za nchi tajiri na nyumba za nchi za kipato cha kati, zikiwemo za kipato cha kati cha chini, tofauti iliyoonekana ilikuwa ya kilo saba tu kwa mtu kwa mwaka. Na chakula hicho hakitoweki kwa kuwa kimeondolewa machoni. Kikifukiwa katikati ya lundo, mahali pasipopita hewa, huoza kwa namna inayotoa gesi ya methani, ambayo kwa muda wa miaka 20 huipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa.

Dawa ya hofu ni kipimo, na kipimo si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na pishi ingali hai katika zakatul-fitri, ambayo kila Mwislamu mwenye uwezo huitoa kabla ya sala ya Idi: pishi moja ya chakula kwa kila nafsi iliyomo nyumbani, mtoto mchanga naye akihesabiwa. Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyo makini. Haisemi toa kwa wingi, inasema toa kadiri hii kwa kila kichwa. Basi ni jambo la kushangaza kwamba nyumba ile ile iliyohesabu vichwa alfajiri kwa ajili ya maskini, ikiingia jikoni saa mbili baadaye kwa ajili ya wageni wake, husahau kabisa kuhesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mchele ikipikwa pilau yenye nyama na viazi, ikaandaliwa pamoja na kachumbari na ndizi, huwashibisha watu wazima wanane. Watoto wawili wadogo huhesabiwa mtu mmoja. Na pale ambapo meza ina sambusa, mahamri, kababu na tambi kabla pilau haijateremshwa, kilo hiyo huwatosha kumi, kwa sababu vitafunio na wali huingia tumbo lile lile. Anayeogopa kupungukiwa, na kila mwenye nyumba mwungwana huogopa, na aweke akiba yake ikiwa mbichi: mchele mkavu katika debe, nyama kwenye barafu, vitunguu vilivyokwisha menywa. Mgeni asiyetarajiwa hungoja kwa furaha muda wa sufuria ndogo kuiva, hasa akipewa kahawa na halua. Na mgeni huyo asipokuja, mchele ule huliwa wiki ijayo. Akiba iliyopikwa ndiyo inayochacha.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake peke yake, kwa kuwa ndani yake mna kinyume ambacho wenye maduka wamekiona zamani kuliko wanavyuoni: mwezi wa kujizuia ndio mwezi wa kununua. Mtu anayekwenda sokoni saa kumi alasiri, koo limekauka na muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, kunde na matikiti yamepangwa mbele yake, hununua kwa macho. Na jua likizama, baada ya tende tatu, uji wa pilipili manga na kipande cha muhogo wa nazi, hamu yote imekwisha na mikeka bado imejaa sahani. Anayefanya ununuzi wake asubuhi, akiwa na orodha mkononi, huokoa fedha ambazo hakujua alikuwa akizipoteza. Kuna pia tadbiri ya zamani, ambayo katika mitaa ya Mji Mkongwe na Mji wa Kale wa Mombasa haijafa: nyumba moja hupika futari ya aina mbili tu lakini kwa wingi wa kutosha, na sahani zilizofunikwa kawa huvuka uchochoro kabla ya adhana, hata kila mkeka ukawa na aina sita bila nyumba yoyote kupika sita. Sahani hairudishwi tupu; na adabu hiyo, pamoja na utamu wake, ni njia ya kugawa chakula kingali kizima, si kesho yake kikiwa kimeanza kulegea.

Tukifika kwenye kiporo, sharti tuseme kwa uangalifu, maana hapa nia njema ya kutotupa imewahi kuwalaza watu hospitalini. Wali unaobaki una hatari ambayo wengi hawaijui. Katika mchele mkavu huweza kuwamo mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani katika joto la nyumba, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na sumu mojawapo wanayoitoa haiondolewi kwa kupashwa moto tena. Wali wa nazi huharibika upesi zaidi, kwa kuwa tui lenyewe ni chakula kizuri cha vijidudu. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kitandazwe katika vyombo vipana vya kina kifupi ili kipoe haraka, kiingizwe katika friji, na kikipashwa kichemke hasa, mara moja tu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, saa mbili hizo zihesabiwe kwa ukali zaidi kuliko wakati wa kusi; na kwa vile mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, Ramadhani huzunguka majira yote, hata mwaka 2030 unatazamiwa kuingiwa nayo mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, zote mbili katika joto la kaskazi. Nyumba isiyo na friji haina budi kupika kidogo na kugawa mapema, na hiyo si dhiki, ni hekima waliyoishi nayo babu zetu wote.

Kiporo kilichohifadhiwa ipasavyo ni neema. Wali hukaangwa asubuhi kwa yai na kitunguu. Mifupa ya mbuzi hurudi chunguni ikawa supu ya ndimu na pilipili. Chapati zilizokauka hukatwakatwa na kurostiwa kwa nyanya. Ndizi mbivu zilizolegea hupondwa na unga wa muhogo zikawa kabalagala, kama wafanyavyo Waganda. Na nazi, ambayo bila hiyo hakuna sikukuu ya pwani, ilikuwa haitupwi sehemu yake yoyote: chicha ilikwenda kwa kuku, kifuu kikawa upawa au kuni, makumbi yakasokotwa kamba.

Hapa nawajibika kuwa mwadilifu kwa watu wa sasa. Si kweli kwamba wazee hawakuwa na taka kwa sababu walikuwa wema kuliko sisi. Walikuwa na kikapu cha ukili kwa kuwa mfuko wa plastiki haukuwapo, na walifunga mkate wa kumimina kwa jani la mgomba kwa kuwa jani lilikuwa bure. Wangeuziwa plastiki kwa bei ya leo wangeinunua. Tofauti ni kwamba walichotupa kilioza, na tunachotupa sisi hakiozi. Serikali zimejaribu kuziba pengo hilo kwa sheria: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa amri iliyotaja faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, na Tanzania Bara ikaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ile ya kubebea imepungua sana barabarani, jambo ambalo kila mwenye macho anakiri. Lakini sikukuu imepata plastiki nyingine, yaani sahani na vijiko vya kutumia mara moja, vikombe vya sharubati, vifuko vyembamba vya kufungia karanga na visheti, na juu ya vyote chupa ndogo za maji, ambazo hunywewa nusu na kuachwa chini ya viti.

Katika Dar es Salaam taka hizo hukutana na mvua za vuli, zinazonyesha Oktoba hadi Desemba. Chupa na vifuko huziba mitaro, mitaro hurudisha maji barabarani, na mabonde ya Msimbazi na Jangwani hulipa gharama ya karamu zilizofanyika mbali na hapo. Vikombe na makopo yaliyotupwa wazi hushika maji ya mvua, na mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengue iliyolisumbua jiji hilo mwaka 2014 na tena mwaka 2019, haachi hata kikombe kimoja. Hutaga mayai ukutani mwa chombo na kungoja maji. Wapo wanaoona busara kuchoma taka hizo uani jioni. Nawasihi waache: plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, na baadhi ya plastiki, kama zile za mabomba na ngozi bandia, hutoa dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka mingi, na wa kwanza kuuvuta moshi huo ni watoto wanaocheza karibu na moto.

Kuepuka plastiki hizi hakuhitaji uvumbuzi. Wakodishaji wa vyombo vya shughuli wapo katika kila mji, na wanaotukodishia viti na mahema hukodisha pia masinia, sahani na bilauri. Gharama ya kukodi ukiilinganisha na katoni za sahani za kutupa, ukaongeza kazi ya kuziokota, si kubwa kama inavyohofiwa. Mtungi wa maji wenye bomba na bilauri zinazooshwa hufuta katoni nzima za chupa. Na soda tulikuwa nayo katika mpango ambao nchi za Ulaya sasa zinatunga sheria ili kuurudisha: kreti la chupa za kioo, ambalo hupewi mpaka ulete matupu au uweke amana, na chupa moja ikajazwa tena mara nyingi. Pale ambapo duka lingali na kreti, kuchagua kopo au chupa ya plastiki ni kununua taka na kuilipia.

Plastiki ambayo imekwisha ingia nyumbani ina wanunuzi wake. Waokota chupa huziuza kwa kilo, na anayewatengea chupa safi, zisizochanganywa na mchuzi, huwaokolea siku nzima ya kuchakura jalalani. Mafundi wa Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 walikamilisha jahazi dogo lililoundwa kwa karibu tani 10 za plastiki iliyookotwa ufukweni na mijini, likavikwa ubavuni malapa elfu thelathini, likaitwa Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja likisimama bandari kwa bandari kufundisha watu. Jahazi hilo ni hoja nzuri, ingawa mimi ningependa zaidi pwani iishiwe na malapa ya kuundia la pili.

Juu ya mavazi nitasema machache. Nguo ya sikukuu kwa mtoto ni haki yake, na sitaki kuwa mtu wa kumnyima. Lakini fundi cherehani akiambiwa mapema huacha pindo pana na mshono wa kutoshea kufumuliwa, na kanzu au gauni la Idi hii likavaliwa na Idi ijayo. Pambo la karatasi na kitambaa hukunjwa likawekwa sandukuni. Mapulizo hupasuka siku ile ile, na vipande vyake huishia tumboni mwa mbuzi wa jirani.

Idi al-Hajj huja na shauri lake, la nyama. Desturi ya wengi ni kuigawa mafungu matatu, la nyumbani, la jamaa na marafiki, na la maskini; na mgao huo, uliowekwa kabla ya kuwako friji, ni mpango kamili wa kuzuia uharibifu. Kinachouharibu ni vifuko. Wanaopelekewa nyama wakiarifiwa tangu jana yake waje na bakuli au kikapu, na fungu likifungwa kwa jani la mgomba, hakuna kifuko kinachohitajika. Damu na taka za tumboni zifukiwe mbali na kisima, na ngozi ipelekwe mapema kwa anayejua kuiwamba au iwekwe chumvi siku ile ile, kwa maana ikilala bila chumvi haifai tena kwa kitu.

Nimewasikia watu wakisema kwamba haya yote ni ya vijijini na mjini hayawezekani, na madai hayo yana ukweli nusu. Mtazame Mchaga anayepanda basi kwenda Moshi wiki ya Krismasi: kule kihambani maganda ya ndizi huenda kwa ng'ombe na mbuzi, samadi hurudi kwenye migomba, jani la mgomba huwa sahani, na familia ya watu thelathini ikala na kunywa mbege siku nne bila kujaza hata debe moja la taka. Januari mtu huyo huyo akirudi Dar es Salaam hutupa maganda yale yale katika kiroba na kulipia kiondolewe. Tabia yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni umbali baina ya jiko na mnyama, na baina ya jiko na shamba. Na umbali huo unaweza kufupishwa.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini asilimia 56 ya taka zote ni mabaki ya chakula na majani. Maana yake ni kwamba nyumba inayotenga maganda peke yake imepunguza zaidi ya nusu ya mzigo wake, na nusu iliyobaki haitanuka wala kuita inzi. Mwenye uwanja na achimbe shimo la kina cha magoti, apange tabaka la maganda mabichi na juu yake tabaka nene zaidi la majani makavu au maranda ya seremala, anyunyize maji hadi uwe unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na aligeuze kila baada ya wiki moja au mbili ili hewa ipite. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, maana huita panya. Katika joto letu mabaki ya Krismasi huwa mboji mwezi wa Machi au Aprili, masika yanapoingia. Anayeishi ghorofani hutumia ndoo yenye mfuniko na matundu machache ubavuni, akaiweka penye kivuli. Na asiyetaka hata hiyo atafute mfugaji wa mbuzi au mkulima wa mchicha aliye karibu naye, wakubaliane siku ya kuja kuchukua, mapema kabla ya wiki ya sikukuu, kwa sababu wiki hiyo mkulima naye ana wageni.